Nilikuwa naahirisha maisha mpaka nipone. Tulio kwenye dripu, tuzungumze kuhusu siku za katikati

#1 cherehani_ya_bluu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu utakuwa mrefu, mnivumilie.

Nina saratani ya tezi za limfu, limfoma. Dozi zangu za kemo, yaani dawa za saratani za dripu, ni sita, moja kila baada ya siku 21, na juzi nimemaliza ya nne. Sijaja kuomba pole wala kutangaza ushindi, maana kipimo cha mwisho bado. Nimekuja kwa sababu kuna jambo lililonichukua dozi mbili nzima kuliona, na ningependa anayeanza leo alione mapema.

Tangu nipewe majibu, kila nilichokitaka kilitanguliwa na neno "nikipona". Nikipona nitakwenda kumwona rafiki yangu. Nikipona nitamalizia lile gauni nililolikata zamani. Hata muziki niliuzima, kana kwamba nyumba yenye mgonjwa ni nyumba yenye msiba. Watu wakija wanaongea kwa sauti ya chini, na mimi naongea ya chini zaidi. Nikawa nangoja tu siku zipite.

Kabla ya dozi ya pili nesi aliniuliza hali ilikuwaje tangu ile ya kwanza. Nikajibu, "Mbaya." Akauliza, "Mbaya siku zipi?" Nikakosa la kusema. Akaniambia nichore miraba 21, na kila jioni niandike neno moja tu ndani ya mraba wa siku ile. Nikaichora nyuma ya karatasi ya miadi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Mzunguko ulipoisha nikakaa kitandani nikahesabu. Siku sita zimeandikwa "chini". Hizo ni siku za kulala kweli, nyingi zikianzia siku ya sita, nikishamaliza vile vidonge vya predinisoloni vinavyokufanya ukeshe kwanza kisha vinakuangusha. Siku nne zimeandikwa "mdomo", yaani vidonda, lakini natembea na naongea. Zilizobaki kumi na moja zilikuwa na maneno kama "usingizi hauji", "kawaida", "kawaida" tena, na mara mbili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "nzuri".

Niliishika ile karatasi muda mrefu. Siku kumi na moja! Zidisha kwa dozi sita uone: siku 66 ambazo mwili ulikuwa tayari kuishi na mimi nilikuwa nimeufungia ndani kwa sababu nimeshajiita mgonjwa.

Siku ya pili yake nikalitoa gauni kwenye mfuko. Dawa mojawapo ninayopewa, vinkristini, imenitia ganzi kwenye ncha za vidole, kwa hiyo sindano naishika kama mtu aliyevaa glavu. Mshono niliokuwa naumaliza kwa nusu saa sasa unakula jioni nzima. Nimeukubali mwendo huo. Mkono wa kushoto wa gauni nimeubadilisha kabisa: nimeupasua kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko na kuuwekea vifungo, ili siku ya dripu nifungue tu, mshipa upatikane, nisikae na kifua wazi nikitetemeka. Nalimalizia wiki hii. Sitalitunza kwa ajili ya siku ya kupona. Nitalivaa dozi ya tano.

Nawaomba na ninyi mseme mnazitumiaje siku zenu za katikati.

#2 mdogo_wake

Pole sana mkuu, na ahsante kwa uzi. Kaka yangu yuko dozi ya tatu, utumbo mpana. Nyumbani tumejitahidi mno kumtia moyo. Kila siku tunamwambia asiwe na mawazo mabaya, ajikaze, maana ukikata tamaa ugonjwa unapata nguvu. Lakini kadiri tunavyosema ndivyo anavyojifungia. Wiki iliyopita alilia mezani, mama akamkataza kwa wema kabisa, akamwambia "usilie, utajiumiza". Tangu hapo hasemi kitu zaidi ya "nipo". Tunakosea wapi?

#3 cherehani_ya_bluu (mleta uzi)

@mdogo_wake, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mimi nilikuwa huyo kaka.

Hilo la mawazo mabaya kuulisha ugonjwa niliambiwa na kila mtu anayenipenda. Usiku ukiingia na hofu ikaja, na lazima inakuja, nilikuwa naogopa mara mbili: naogopa saratani, halafu naogopa kwamba kule kuogopa kwangu kunaikuza. Hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Mtu anakuwa mgonjwa na mshitakiwa kwa wakati mmoja.

Siku moja nikamuuliza daktari waziwazi. Akanieleza kwamba jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya utafiti uliofuatilia wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, wakalinganisha hali zao za moyo na muda walioishi. Hali ya moyo haikuamua nani ataishi muda mrefu. Miaka mitatu kabla yake, utafiti wa Australia kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ulikuta vilevile kwamba wenye matumaini makubwa hawakuishi zaidi ya wenzao.

Najua wengine mtaona hizo ni habari za kuvunja moyo. Mimi nilitoka pale nikiwa mwepesi. Machozi hayalishi uvimbe. Nikilia leo, dozi yangu inafanya kazi ileile. Na furaha nayo, kama si dawa niliyoandikiwa kumeza kila siku nipende nisipende, basi ni yangu. Naitaka kwa sababu ni tamu.

Kwa hiyo mwambieni mama, taratibu, kwamba akilia tena mkae naye tu. Mshike mkono, nyamaza. Huzuni ikiachiwa njia huwa inapita. Nyumbani kwetu hudumu kama dakika kumi na tano, kisha mtu anaomba maji na mazungumzo yanahamia kwingine. Ila akiwa hivyo wiki baada ya wiki, hali chakula, halali usiku, hataki kuona mtu, hiyo si kulia tena. Mwambieni daktari, maana sonona nayo ina tiba yake.

Jingine dogo: msimuulize "unaendeleaje?" Hilo swali ni zito, halina pa kulishikia. Muulize kitu anachokijua. Kama yeye ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba, mpelekeeni bomba linalovuja mumuulize tufunge vipi. Dada yangu alikuja na sketi yake mkononi akasema, "Hii zipu imenishinda." Ndiyo siku niliyojisikia mtu tangu ugonjwa uanze.

#4 zamu_ya_usiku

Mimi ni muuguzi wodi ya saratani. Nimependa uzi, na kwa kuwa mnaongelea kuzifurahia siku nzuri naomba niongeze ya kuzilinda.

Hizo siku ambazo mwili unaanza kuchangamka huwa zinaingiliana na wakati chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, ziko chini kabisa. Kwa dawa nyingi za kemo ni kati ya siku ya 7 na ya 14. Unajisikia unaweza kutoka, na toka, lakini chagua mahali pa wazi penye hewa, si kwenye msongamano, na mwenye mafua asikukaribie. Muwe na kipimajoto. Joto likifika 38, piga simu hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku, hata kama unajiona mzima. Usimeze paracetamol kwanza "kuona kama itashuka", kwa sababu itaificha homa na sisi tutachelewa kujua. Hili naliandika nikiwa na sura za watu kichwani.

Kichefuchefu: dawa zake zinafanya kazi vizuri zikitangulia. Ukisubiri mpaka utapike umeshachelewa. Na kama uliyopewa haikusaidii, sema, zipo za aina nyingine. Wagonjwa wengi wanavumilia kimya wakidhani kutapika ni sehemu ya malipo. Si lazima.

Uchovu. Huu ndio unaoiba raha kuliko maumivu, na kupumzika peke yake hakuumalizi. Kutembea kunaupunguza. Anza na dakika tano mpaka getini na kurudi, kesho ongeza kidogo.

Mleta uzi, hongera kwa gauni, lakini kwa vidole hivyo vya ganzi vaa kastabani. Sindano ikikuchoma siku ya kumi utakuwa umejifungulia mlango wa bakteria. Na hiyo ganzi mweleze daktari kila dozi, usimfiche ukiogopa dawa itapunguzwa.

Mwisho, mitishamba. Sisemi ni mibaya yote. Nasema tuambie unachokunywa, maana mingine inagongana na dawa kwenye ini.

#5 cherehani_ya_bluu (mleta uzi)

@zamu_ya_usiku ahsante sana dada. Kastabani nimeivaa leo. Ganzi nilikuwa nimeitaja nusunusu. Nimepiga simu, nimeisema yote.

#6 penseli_laini

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi nina swali ambalo kwa kweli si swali. Mnasema "nikipona". Mimi sitapona. Yangu ilishasambaa walipoigundua, hatua ya nne, na niko kwenye vidonge kuishikilia isiende mbio. Napimwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo siku za katikati kwangu hazina upande wa pili. Ni katikati tu.

Niwaambie ninavyoishi, labda itamfaa mtu.

Mwanzoni nilitafuta takwimu, nikakuta muda, nikauchukua kama tarehe ya hukumu. Baadaye nikasoma habari za Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Marekani. Mwaka 1982 aliambiwa ana saratani ya utando wa tumbo, na vitabu vilisema kadirio la kati ni miezi minane. Yeye alizijua namba. Akaeleza kwamba kadirio la kati ni mstari wa katikati tu: nusu ya wagonjwa wanafariki kabla yake, nusu wanabaki hai baada yake, na hiyo nusu ya pili mkia wake unaweza kuwa mrefu sana. Aliishi miaka 20, akafariki 2002 kwa saratani nyingine. Sisemi mimi nitaishi miaka 20. Nasema niliacha kuisoma ile namba kama tarehe.

Pili, nilikubali mapema huduma shufaa, yaani ile ya kutuliza maumivu na kumsaidia mgonjwa aishi vizuri. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunaona jeneza. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2010, uliofanyika Boston kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba waliounganishwa na huduma hiyo tangu mwanzo, pamoja na matibabu yao, walikuwa na hali bora na huzuni kidogo zaidi. Na waliishi muda mrefu zaidi, kadirio la kati miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Kwangu maana yake ilikuwa hivi: maumivu ya mgongo yalidhibitiwa ndani ya wiki mbili, na mtu asiye na maumivu ana mchana mrefu.

Huo mchana ninaufanyia nini? Mama ana sanduku la picha za zamani, mamia, hazina maandishi. Kila Jumamosi tunazitandaza mezani, yeye anasema huyu ni nani na ilikuwa wapi, mimi naandika nyuma kwa penseli. Penseli laini, kwa sababu kalamu ya wino inagandamiza na kutokea upande wa sura. Kuna picha moja ya vijana wanne wamekaa juu ya gogo. Mama alimtambua wa tatu kwa namna alivyokunja mguu, akacheka mpaka akashika meza, akanisimulia jambo ambalo hajawahi kulisimulia mtoto wake yeyote. Tumefika picha ya 212.

Wiki ya kipimo huwa silali vizuri. Nimeacha kupigana nayo. Naijua inakuja, naipunguzia kazi, na nimemwomba rafiki mmoja awe wa kupigiwa simu usiku. Majibu yakitoka mazuri nina miezi mitatu, na miezi mitatu ni Jumamosi kumi na mbili au kumi na tatu. Matumaini yangu yamekuwa na ukubwa huo. Nayaweza.

#7 cherehani_ya_bluu (mleta uzi)

@penseli_laini, umenirekebisha na nakubali. Niliandika kama vile kila mtu ana dozi ya mwisho. Samahani kaka.

Na hata kwangu, "nikipona" ni neno ninalolisema tu kwa mazoea. Wakinipima na kukuta safi nitafuatiliwa miaka. Kwa hiyo wote tupo humo katikati, wewe umetangulia tu kulijua. Jumamosi ikifika nitawakumbuka wewe na mama na lile gogo.

#8 mdogo_wake

Mrejesho. Jana nilimpelekea kaka feni iliyoharibika, sikuuliza hali yake. Aliifungua yote, akaipanga sakafuni, akanituma skrubu. Katikati ya kazi akasema bila kuniangalia, "Naogopa kufa." Nikasema, "Najua, na mimi naogopa." Akaendelea kufunga. Feni inazunguka sasa. Usiku alikaa sebuleni nasi mpaka saa nne.

#9 mgeni_wa_kesho

Wakuu, kesho saa mbili asubuhi ndiyo dozi yangu ya kwanza. Ni limfoma kama ya mleta uzi, na ratiba wamenipa hiyohiyo ya siku 21. Nimepakia begi, nimelipakua, nimelipakia. Naogopa sana hata kukaa siwezi. Mtu aniambie kesho kukoje, kweli kweli, bila kunipamba.

#10 cherehani_ya_bluu (mleta uzi)

@mgeni_wa_kesho, nitakueleza ilivyokuwa kwangu.

Utakaa kwenye kiti kinacholala. Watapima damu, presha, uzito. Kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, itauma kama kuchomwa sindano yoyote, kisha basi. Usiku wa leo kunywa maji ya kutosha, mishipa itaonekana kirahisi. Kwanza zinaingia dawa za kuzuia kichefuchefu na mzio, na moja inaleta usingizi mzito, usishangae kope zikifunga. Dawa inayoitwa rituksimabu siku ya kwanza inadondoshwa polepole mno, masaa, kwa sababu wanakuangalia usipate mzio. Ukisikia baridi, kuwashwa, koo kubana, sema papo hapo, usione haya. Wanasimamisha, wanakupa dawa, wanaendelea taratibu. Mimi ilinitokea baridi, nikafunikwa, dakika ishirini ikaisha.

Kisha nesi atakaa karibu yako na bomba la sindano lenye dawa nyekundu, doksorubisini, ataisukuma mwenyewe kidogo kidogo. Rangi yake inatisha. Mkojo utakuwa mwekundu siku hiyo, pengine na kesho yake. Si damu, ni rangi ya dawa inatoka.

Na kuna chupa ndogo isiyo na rangi. Hiyo ndiyo vinkristini yangu ya ganzi. Nikuambie inakotoka, kwa sababu mimi ilinisaidia kukaa nayo. Kuna ua dogo la rangi ya waridi lenye jicho katikati, asili yake Madagaska, watu wanalipanda uani kwa urembo. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada walikuwa wanachunguza majani yake wakitafuta dawa ya kisukari. Kwa kisukari hawakupata kitu, lakini wakaona majani yale yanashusha chembe nyeupe za damu, na limfoma ni saratani ya chembe hizohizo. Mwaka 1958 wakatoa ndani yake vinblastini, na baada yake ikapatikana ndugu yake, hii itakayoingia mkononi mwako kesho. Nilipolijua hilo niliacha kuiita sumu. Kila ikitundikwa naliona lile ua.

Beba sweta, soksi, kitu cha kusikiliza, na mtu mmoja asiyeongea sana. Usibebe kazi ya maana, hutaifanya. Nywele zitaanza kutoka wiki ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza kuziona kwenye mto inauma, sitakuficha. Mimi nilinyoa zote jioni ileile, dada akashika wembe.

Ukirudi nyumbani chora miraba 21. Mraba wa kwanza andika chochote kile.

#11 zamu_ya_usiku

Naongeza moja kwa mgeni: ile ndogo isiyo na rangi hufunga choo. Usingoje siku tatu, anza dawa ya kulainisha kama daktari atakavyokuandikia. Na sisi tulio upande wa pili wa dripu tunajua ni siku yako ya kwanza. Uliza swali hata mara kumi.

#12 mgeni_wa_kesho

Nimerudi, leo ni siku ya tisa. Sikuweza kuandika mapema.

Ilikuwa kama ulivyosema, hata usingizi. Kwenye ile nyekundu nilifumba macho. Kwenye ile ndogo nilifumbua, nikamwuliza nesi, "Hili ndilo lile ua?" Hakuwa anajua. Nikamsimulia mimi. Mzee wa kiti cha pili akatega sikio, naye akasema uani kwake yapo, kumbe miaka yote anayamwagilia maji. Tukaongea mpaka dripu yake ikaisha.

Miraba: siku ya kwanza niliandika "imepita". Ya sita, ya saba na ya nane, "chini". Leo nimetembea mpaka getini na kurudi, nimeandika "geti". Joto 36.8, nimepima asubuhi na jioni.

Mleta uzi, dozi ya tano ilikuwaje? Na lile gauni je? Dada yangu anataka kunishonea shati la namna ile, anauliza mkono ule uliuwekea vifungo vingapi.

#13 cherehani_ya_bluu (mleta uzi)

Nililivaa! Nesi alifungua vifungo vitatu tu, mshipa akaupata mara ya kwanza.

Mwambie dada ni saba. Cha kwenye kiwiko akiweke chini kidogo, siyo kwenye mkunjo wenyewe, la sivyo kitakufinya ukilala. Na matundu ayapanue kuliko kawaida, kwa ajili ya vidole vyako vya mwezi ujao.